Vyumba vya Wasiokuja

Meli ya kitalii ikishakodiwa nzima inageuka nyumba ya mtu. Mama Taulo alilijua hilo tangu safari yake ya kwanza ya aina hiyo. Siku za kawaida abiria wanatoka huku na kule, kila mmoja na tiketi yake na kununa kwake, na meli inabaki meli. Lakini ikija kampuni ikasema, "Tunaichukua yote, kuanzia jikoni mpaka juu kwenye bendera," basi kampuni ndiyo inayoamua meli itie nanga wapi, muziki gani upigwe, maua ya mezani yawe ya rangi gani, na nani akanyage ngazi. Hata nahodha anasalimia kwa adabu zaidi.

Safari hii aliyekodi alikuwa mtengenezaji wa rangi za nyumba. Aliwaalika wauzaji wake wote waje kupongezwa, wafanye mikutano asubuhi na wacheze dansi jioni. Basi meli ikavishwa. Kila ghorofa ikapewa rangi yake: vitambaa, taa, mpaka sare za wahudumu. Kwenye mito kulikuwa na picha ya brashi. Chokoleti za kuwekwa kitandani zilikuwa na umbo la kopo la rangi.

"Mama wee," alisema mpiga pasi, aliyelala kitanda cha juu katika kile chumba chao cha wafanyakazi kisicho na dirisha. "Nimepiga pasi brashi mpaka naziota. Nikirudi nchi kavu, mtu akinipa ukuta nampaka nimefumba macho."

"Utampaka mwenyewe au ukuta wake?"

"Atakayekaa karibu!"

Mama Taulo alicheka, akageukia ukuta. Jina hilo la Mama Taulo alipewa kwa sababu ya mikono yake. Taulo likipita mikononi mwake lilitoka kobe, bata au sungura aliyesimamisha masikio, na wageni walikuwa wanampiga picha yule sungura na kumsahau aliyemkunja. Alikuwa mwanamke mwembamba, mpole wa sauti, asiyependa kujitokeza. Aliondoka kwao mwanawe akiwa ndiyo kwanza anatambaa. Sasa mtoto yule anakimbia, anabishana, na anajua kufungua friji. Yote hayo Mama Taulo aliyaona kwenye kioo cha simu, mara nyingine picha imeganda mtoto akiwa kinywa wazi.

Mtoto walimwita Kifaranga. Alilelewa na dada yake Mama Taulo, yule aliyemtangulia kuzaliwa, kwa hiyo kwa haki yake alikuwa mama mkubwa wa mtoto. Ila Kifaranga alikata jina hilo katikati akabaki na kipande cha mbele. Dada mtu akawa "mama". Na aliyemzaa, kwa kuwa lazima aitwe kitu, akawa "Mama wa Simu".

"Mimi nimemfundisha vizuri kabisa," dada alijitetea mara ya kwanza jina lile liliposikika. "Mama mkubwa, namwambia. Yeye anasema mama, halafu anakimbia. Nimfukuze na lile 'mkubwa' mkononi?"

"Mwache tu," alisema Mama Taulo, na siku hiyo alikunja kobe wengi kuliko vyumba alivyokuwa navyo.

*

Asubuhi meli ilipokuwa inavishwa, msimamizi wa vyumba aliwakusanya wahudumu. Wao walimwita Kidole, kwa sababu alivaa glavu nyeupe na kupitisha kidole juu ya kila kabati akitafuta vumbi. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na mashaka na dunia nzima, basi.

"Sikilizeni. Ghorofa ya buluu, upande wa nyuma, wageni wake hawaji."

"Wamechelewa?" aliuliza mmoja.

"Hawaji. Tawi lao limefungwa wiki iliyopita. Watu wamerudishwa nyumbani. Lakini meli imechukuliwa nzima na mkataba hausemi vyumba vya watakaolala tu, unasema vyumba vyote. Kila jioni vitatandikwa, shuka itakunjwa pembe, chokoleti itawekwa, taa ya kichwani mwa kitanda itawashwa. Mkurugenzi akipita na mpiga picha, akute meli imejaa."

"Na vibao vya majina mlangoni?"

"Vimeshabandikwa. Havibanduliwi mpaka wenye safari waseme." Kidole akazungusha macho, yakatua kwa Mama Taulo. "Wewe utakwenda huko. Peke yako unatosha, maana hakuna wa kukusumbua."

Hakuna wa kukusumbua. Alisema kama anampa zawadi.

Basi akawa mtu wa ghorofa ile. Asubuhi alisukuma kitoroli chake juu ya zulia lisilokanyagwa, akabisha hodi kila mlango, kwa sababu mkono ulishazoea kubisha, na akasubiri kidogo, kwa sababu sikio nalo limezoea. Kisha akafungua. Kitanda kilikuwa vilevile alivyokiacha jana. Mto haukuwa na shimo la kichwa. Sabuni ilikuwa bado na nembo yake. Sungura alikuwa bado amekaa, masikio yamelegea kidogo kwa kukosa wa kumtazama. Mama Taulo alimfumua, akamkunja upya. Alifumua shuka zisizolaliwa akazitandika tena. Alitoa chokoleti ya jana akaweka ya leo. Akazima taa, na jioni akaja kuiwasha.

Mwanzoni alijiona kama anacheza baba na mama, mchezo wa utotoni, wa kupikiwa wakiwa hawapo. Halafu akaanza kuwazoea. Alisoma majina yao mlangoni akawagawia tabia: huyu anakoroma, huyu atataka mto wa ziada, huyu ni wa kuacha taulo sakafuni. "Leo umeamka mapema," alimwambia mmoja, akinyoosha shuka yake. Kisha akatazama nyuma kuona kama kuna aliyemsikia. Korido ilikuwa kimya, inanguruma kwa mbali kama tumbo la mtu aliyelala.

Hata hivyo kulikuwa na jambo lililomfanya asukume kitoroli bila kulalamika. Kati ya bandari alizochagua mwenye rangi, moja ilikuwa ya kwao.

Meli ile haikuwahi kutia nanga pale. Si mji wa watalii. Ni mji wa magodauni na viwanda. Lakini kiwanda cha kwanza cha rangi kilijengwa pale, na mkurugenzi alitaka wauzaji wake wakione na wale chakula cha mchana uani mwake. Wageni wote watashushwa kwa mabasi asubuhi na kurudishwa kabla ya jioni. Na kwa kuwa jioni hiyo ndiyo ya sherehe kubwa ya kutoa tuzo, mfanyakazi yeyote wa meli asishuke. Likizo ya bandarini ilifutwa kwa wote.

Hivyo kama Kifaranga ataonekana, lazima apande yeye.

*

Kwenye ngazi za nyuma, karibu na mapipa, ndiko simu ilikokamata vizuri meli ikikaribia nchi kavu. Mama Taulo alisimama pale mkono mmoja umeziba sikio.

"Haloo! Mama wa Simu!" Kifaranga alikuwa anapiga kelele kama anaita mtu ng'ambo ya barabara. "Nimekupa mkate!"

"Umenipa mkate?"

"Nimeuweka kwenye boksi la simu. Ule wote. Usimwambie mama."

Nyuma yake sauti ya dada ikasikika: "Ndiyo maana nimeokota simu imejaa siagi! Haya lete hapa. Haloo, mdogo wangu? Umesikia huyo anavyonitia hasara?"

"Dada, wakikubali utamleta?"

"Nimlete? Ameshachagua viatu. Anavivaa mpaka kitandani. Wewe nipe neno tu, nitakuwa getini kabla hawajafungua."

"Atanijua?"

Dada alikaa kimya, akajikohoza. "Atakujua kwa nini asikujue? Anaongea na wewe kutwa. Picha yako ipo ukutani, kila siku namwonesha."

Lakini Mama Taulo aliusikia ule ukimya kabla ya maneno, na ndio aliorudi nao chumbani.

Alimwendea Kidole. Kidole alivua glavu kwanza, jambo alilofanya akiwa na habari mbaya.

"Safari za kawaida ningekuandikia kibali mwenyewe, mwanao angekula hata keki. Lakini hii imekodiwa. Mgeni yeyote anayepanda ni mgeni wa kampuni. Nenda kwa Bi Ratiba."

Bi Ratiba alikuwa mwanamke wa kampuni aliyeshika shughuli zote za safari. Jina hilo walimpa wahudumu, maana neno "ratiba" lilikuwa halimtoki mdomoni. Alitembea haraka, redio kiunoni, miwani kichwani, na hakuna aliyewahi kumwona ameketi. Mama Taulo alimkuta kwenye sitaha ya juu anabishana na mtu wa muziki kuhusu spika.

"Samahani, bosi."

"Sema, lakini sema ukitembea."

Akasema akitembea, nyuma yake kidogo, akimeza nusu ya maneno. Mtoto. Dada. Bandari ijayo. Watakaa ghorofa ya chini tu, hata kwa muda mfupi.

Bi Ratiba alisimama, na kwa kuwa si kawaida yake, Mama Taulo karibu amkumbe.

"Mpenzi, meli ina wafanyakazi wangapi? Nikikubali mmoja, kesho nina shule ya chekechea ngazini. Na siku ya tuzo! Haipo kwenye ratiba. Samahani sana."

"Asante, bosi," alisema Mama Taulo. Midomo ilishazoea kushukuru.

Usiku ule mpiga pasi aliinamisha kichwa kutoka kitanda cha juu, nywele zikining'inia. "Amesemaje?"

"Haipo kwenye ratiba."

"Ningemjua tangu jana ningeunguza gauni lake la sherehe." Akangoja kicheko, kisipotoka akanyoosha mkono gizani akamgusa kichwani. "Pole, mwenzangu."

*

Jioni iliyofuata, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya bandari ya kwao, Mama Taulo alikuwa anamalizia vyumba vyake. Alikuwa amejikaza. Hakumpigia dada kumwambia. Alijipa sababu kwamba mtandao ni mbaya. Akiwa anakunja pembe ya shuka, alisikia hatua koridoni. Hatua za kweli, za mtu mwenye viatu vya visigino. Akashtuka kama mwizi.

Alichungulia. Alikuwa Bi Ratiba, redio imezimwa, miwani mkononi. Alikuwa anakwenda mlango kwa mlango anasoma vibao. Alipofika wa sita au wa saba akasimama.

"Kifungue hiki," alisema, bila kugeuka. Kumbe alikwishamwona.

Mama Taulo akafungua. Taa ya kichwani ilikuwa inawaka. Shuka imekunjwa pembe. Chokoleti ipo juu ya mto, na kando yake bata wa taulo ameinamisha shingo kama anakunywa maji.

"Umefanya hivi vyumba vyote?"

"Ndiyo, bosi."

"Kila siku?"

"Kila siku. Bata huwa nambadilisha. Jana alikuwa kobe."

Bi Ratiba alikaa kwenye kiti cha dirishani. Alikaa! Alitazama kitanda muda mrefu.

"Huyu tulikaa meza moja kabla sijahamia makao makuu," alisema. "Alikuwa anasubiri safari hii kama mtoto. Alishanunua na kofia. Wakanipa mimi kazi ya kupanga viti, hawakuniambia kwamba viti vingine havitakaliwa. Nimempigia, hapokei." Akamgusa bata shingoni kwa ncha ya kidole. "Hajui kama kuna mtu anamtandikia."

Mama Taulo alisimama ameshika mto kifuani.

"Mwanao ana umri gani?"

"Anaanza shule mwakani, bosi."

Bi Ratiba akanyanyuka, akavaa miwani, akawasha redio, na sura ikarudi kama ilivyokuwa. "Mtu mzima mmoja na mtoto mmoja. Wasitoke ghorofa hii. Mabasi yakianza kurudi, wawe wameshashuka. Na sijakwambia."

"Hujaniambia, bosi."

Alipoondoka, Mama Taulo alikaa palepale chini, kwenye zulia, akacheka peke yake huku machozi yanamtiririka, halafu akakimbilia ngazi za mapipa.

*

Asubuhi mabasi yalipomeza wageni na meli ikabaki tupu ya kweli, dada alipanda ngazi ya gatini akihema, amembeba Kifaranga na mkoba na mfuko wa karanga za kukaanga. Mlinzi aliwapa vitambulisho vya kuvaa shingoni. Cha Kifaranga kilimfika magotini.

Mama Taulo alikuwa amesimama mwanzo wa korido ya buluu. Alikuwa ameoga mara mbili. Alipiga goti na kufungua mikono, kama alivyofanya mara zote usiku akiwaza siku hii.

Kifaranga alishuka kutoka kiunoni mwa dada, akatazama. Kisha akaingia nyuma ya sketi.

"Haya, nenda," dada alimsukuma taratibu. "Si ndiye huyo? Mama wa Simu?"

"Siye."

"Siye nani? Mtazame uso."

Jicho moja likachungulia. "Mama wa Simu ni mdogo." Akaonesha kwa viganja, urefu wa simu. "Huyu mkubwa."

Dada alicheka kwa aibu, kicheko kikafia njiani. Mikono ya Mama Taulo ilikuwa bado imefunguliwa. Akaishusha polepole, akajifanya anasawazisha zulia.

"Usinitazame hivyo, mdogo wangu," dada alinong'ona. "Wallahi namwonesha picha."

"Sijakutazama vibaya, dada. Ingieni ndani, mmechoka."

Aliwaingiza katika chumba cha yule mwenye kofia. Kifaranga alipanda kitanda, akagundua kinaruka. Akamwona sungura wa taulo, maana asubuhi ile Mama Taulo alikunja sungura tu, akamshika shingo. Alikula chokoleti yenye umbo la kopo. Alifurahia kila kitu isipokuwa mtu mmoja. Kila Mama Taulo aliposogea, mtoto alisogea upande wa pili. Akamuuliza rangi, akamuuliza wimbo, akamuuliza viatu. Jibu lilikwenda kwa dada: "Mwambie ni vyangu."

Muda ulikuwa unakwenda. Nje winchi ya bandari ililia. Mama Taulo alisimama katikati ya chumba na mikono yake ile inayojua kutoa kobe kwenye taulo, asijue aipeleke wapi.

"Mpigie simu," dada alisema, nusu utani, nusu kukata tamaa. "Labda mpaka upige."

Wakatazamana.

Mama Taulo akatoka. Akafungua chumba cha jirani, cha yule aliyemwona ni mkoromaji, akaketi ukingoni mwa kitanda, jambo lililokatazwa kabisa, akanyanyua mkonga wa simu ya mezani na kubonyeza namba ya chumba cha pili. Kupitia ukutani akasikia kengele ikilia. Akasikia miguu ikikimbia.

"Haloo?"

"Haloo, Kifaranga."

"Mama wa Simu!" Sauti ile ikapasua ukuta na sikio kwa pamoja. "Uko wapi? Tumekuja kwenye meli! Kuna kitanda cha kuruka! Nina sungura!"

"Nimesikia. Masikio yake yakoje?"

"Moja limelala." Akapunguza sauti. "Kulikuwa na mwanamke mkubwa hapa. Wa buluu. Ametoka."

"Alikuwa mbaya?"

Kifaranga akafikiri; pumzi zake zilisikika zikiingia na kutoka. "Hapana. Alinuka sabuni."

"Na mimi nanuka sabuni."

"Simu hainuki," alisema Kifaranga, kwa huruma kidogo, kama anayemfundisha mtu.

Mama Taulo alifumba macho. "Sikiliza, mwanangu. Usikate. Iweke simu kitandani, usikate, halafu mwambie mama mkubwa afungue mlango wa kioo. Nenda nje kwenye roshani."

Naye akaulaza mkonga wake juu ya shuka, akatoka roshani ya upande wake. Kati ya roshani na roshani kulikuwa na ukuta mwembamba wa bati, mweupe, usiofika chini; ulikuwa umeacha upenyo wa kupitisha maji ya kuoshea. Alisikia kioo cha jirani kikifunguka.

"Haloo," alisema.

"Haloo? Mama wa Simu, mbona unasikika bila simu?"

"Nipo hapa. Nyuma ya huu ukuta."

Alisikia mtoto akilala kifudifudi. Chini ya bati kikatokea kipande cha paji la uso, na jicho.

"Hivyo ni viatu vya yule mwanamke."

"Ndiyo," alisema Mama Taulo. "Ni vyangu. Yule ni mimi."

Jicho likaondoka. Aliona kwamba ameharibu. Alibaki amesimama, ameshika chuma cha roshani, chini yake maji ya gati yakiwa na mafuta na maganda. Kisha akaona sikio la taulo linapenyezwa chini ya bati, linasukumwa, linakwama, linasukumwa tena, na nyuma ya lile sikio vidole.

Akalala chini. Na gauni lake la kazi lililopigwa pasi, akalala kifudifudi kwenye sakafu ya bati, akavishika vile vidole. Vilikuwa na chokoleti. Havikukimbia.

Wakazungumza hivyo. Kifaranga alimweleza habari za paka wa jirani, za jino linalocheza, za mama kumfichia peremende juu ya kabati na yeye kuzijua. Wala hakutaka kuzunguka kuja upande huu, na Mama Taulo hakumwomba, aliogopa kuomba. Alikuwa anasikiliza huku anapitisha kidole gumba juu ya kila kucha, moja moja, akizijua.

Ndipo spika ikasema mabasi yameonekana getini.

Koridoni walikutana. Kifaranga alitazama viatu kwanza. Akapanda na macho taratibu: gauni, vifungo, kidevu, mpaka usoni. Hakukimbilia kifuani. Alinyoosha mkono, ule wenye chokoleti, wa kushikwa wakati wa kuvuka barabara, na wakatembea mikono imeshikana korido nzima, mbele ya vile vibao vyote vya majina. Sungura alikuwa ameshafumuka, amekuwa taulo tu, lakini mtoto aliendelea kumbeba kama sungura.

Juu ya ngazi dada alimkumbatia Mama Taulo kwa nguvu. Alipomnyanyua Kifaranga, mtoto aligeuka.

"Sasa unarudi kwenye simu?"

"Ndiyo, narudi."

"Haya," alisema Kifaranga. "Nitakupigia."

*

Jioni meli iling'oa nanga. Juu kulikuwa na tuzo. Makofi yalishuka ghorofa kwa ghorofa mpaka kwenye zulia la buluu yakawa kama mvua ya mbali. Mama Taulo alikuwa anawasha taa za vichwani. Alipofika chumba cha mkoromaji aliukuta mkonga umelala juu ya shuka alipouacha. Akauokota aurudishe mahali pake, lakini kabla ya kuurudisha akauweka sikioni.

Simu ilikuwa bado wazi. Upande wa pili, kwenye kitanda cha kuruka, mkonga mwingine nao ulikuwa umelala. Ulimletea chumba kile: mvumo wa kipoza hewa, mlango wa kioo ukigongagonga taratibu kwa mwendo wa meli. Hakuna mtu. Alijua hakuna mtu. Akaketi.

Kidole alipita kukagua, akasimama mlangoni na glavu zake.

"Unaongea na nani?"

"Na jirani."

Kidole alitazama kibao cha mlango wa jirani, akamtazama yeye, akatazama shuka iliyokunjamana alipokalia. Alinyanyua kidole kama anataka kukipitisha juu ya kabati. Akakirudisha.

"Mpiga pasi anasema taulo moja la ghorofa yako halijarudi."

"Limeshuka bandarini, bosi."

"Yeye ameniambia lilikuwa limechakaa, ameshalifuta kwenye hesabu." Akakohoa. "Basi limetoka." Na akaenda zake, hatua zake zikififia kuelekea kwenye makofi.

Mama Taulo hakukata. Nje taa za mji wao zilikuwa zinapungua, nyeupe, njano, kisha ukungu tu. Alikaa ukingoni mwa kitanda cha mtu asiyekuja, mkonga sikioni, anasikiliza chumba cha pili kikipumua, na baada ya muda akasema taratibu, kama anayejaribu:

"Haloo?"